Makro ya Wanyonyi na Mahindi ya Bumula

Juzi mmoja wenu, nyinyi vijana mnaoandika programu, alikuja kwangu hapa Kanduyi, akasukuma kikombe changu cha chai pembeni ili apate pa kuweka kompyuta yake, akaniambia, "Niaje Mwalimu, cheki hii system." Nikaicheki. Kitu kilichoandikwa ukurasa wa kwanza kilikuwa kimeandikwa tena ukurasa wa pili, na kwenye ukurasa wa tatu kilikuwa kimebadilishwa jina tu, kama mwizi wa ng'ombe anavyobadilisha alama. Nikamuuliza kwa nini ameandika hivyo. Akasema, "Lakini si inafanya kazi?"

Hilo ndilo jibu lenu kwa kila kitu. Inafanya kazi. Hata gari lisilo na breki linafanya kazi mpaka lifike kwenye mteremko.

Nimestaafu sasa. Zamani nilifundisha hesabu katika shule ya upili, kisha nikaandika programu za kompyuta mpaka macho yakachoka, na watu wa hapa bado wananiita Mwalimu. Nimekuwa nikiwaeleza mambo haya kwa mdomo, nanyi mnaitikia "sawa, sawa" huku vidole viko kwenye simu. Basi nimeamua kuyaandika. Maandishi hamwezi kuyakatiza.

Ofisi yetu ilikuwa Kitale, ghorofa ya juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo tulienda nyumbani kila jioni tukinuka kama ng'ombe aliyeogeshwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mtandao ulipitia waya wa simu, na mtu wa chini akiinua simu aulize bei ya mbolea, wa juu anakatika. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Barasa. Alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi na koti zito la baridi, Kiingereza cha puani, na lugha ya kuandikia programu inayoitwa Lisp. Koti lilimtoa jasho, Kiingereza kikamchosha kila mtu. Lisp ndiyo iliyokuwa na maana, na hiyo ndiyo hakuijua vizuri.

Najua mnaicheka Lisp kwa sababu ya mabano. Mabano mengi, ndiyo, kila kitu kiko ndani ya mabano. Lakini ni lugha ya funksheni, yaani kila kipande cha kazi unakiandika kama mashine ndogo ya kusaga: unaipa kitu, inakurudishia kitu, na unaziunganisha hizo mashine ndogo mpaka upate kubwa. Mtu anayeshindwa kuhesabu mabano hana haki ya kuicheka lugha. Tungekuwa darasani ningemsimamisha nje.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mnunuzi wa mahindi mwenye vituo Kitale, Moi's Bridge, Kanduyi na Bumula. Mkulima analeta magunia, karani anapima uzito na unyevu, kompyuta inakubali au inakataa, risiti inatoka. Mahindi yenye unyevu mwingi yanakataliwa kwa sababu yakikaa stoo yanaota kuvu, na kuvu hiyo ni sumu ya kuua watu. Hii haikuwa programu ya kuchezea.

Aliyepewa kazi ya kuiandika alikuwa Wanyonyi, kijana wa tai na digrii, mwenye vidole vyepesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwenye kibodi. Wepesi huo ndio uliomharibu. Mtu anayeandika polepole hutafuta njia fupi ili apumzike. Wanyonyi hakuchoka kamwe, kwa hivyo hakufikiri kamwe. Ili kusoma uzito, programu ilipaswa kufungua njia kwenye waya wa mizani, isome, halafu ifunge njia. Isipofunga, njia inabaki imeshikwa na mizani inanuna mpaka kompyuta izimwe. Wanyonyi aliandika hizo hatua upya kila mahali mizani ilipohitajika: pa kupokea, pa kutoa, pa kurudisha, pa kukagua. Alinakili, akabandika, akarekebisha neno la katikati, akaenda kula.

Halafu siku moja Moi's Bridge, waya ukalegea gunia likiwa juu ya mizani. Programu ikakatikia katikati, na kwa kuwa Wanyonyi alikuwa amesahau kuandika kwamba njia ifungwe hata mambo yakiharibika, mizani ikagoma. Trekta zikapanga foleni kutoka getini hadi barabara kuu, madereva wakimtukana karani. Karani akapiga simu ofisini. Wanyonyi akamwambia, "Zima, washa." Ikawa ndiyo dawa ya msimu mzima. Zima, washa. Alisema maneno hayo bila kuona aibu, kama daktari anayempa kila mgonjwa kidonge kimoja.

Barasa alipochoka na simu za Moi's Bridge akamleta Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mama wa Bungoma mjini, nyumba yake iko nyuma ya msikiti. Alikuwa ameandika programu Nairobi tangu enzi za kadi za kutoboa, programu moja ikijaa sanduku, na ukiangusha sanduku umeangusha kazi ya mwezi. Alipanda Kitale kila Jumatatu, akalala kwa mpwa wake, Ijumaa akarudi nyumbani. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na dharau, lakini dharau safi, isiyo na kelele, na mimi niliiona nikaipenda papo hapo. Ninayowapa nyinyi leo ni mabaki tu ya ile yake.

Siku ya kwanza alisoma programu ya Wanyonyi asubuhi nzima. Kisha akavua miwani.

"Hii si programu," akasema. "Hii ni fotokopi."

Wanyonyi akacheka, akidhani ni utani. "Lakini Bi Zuhura, kila mahali pako tofauti kidogo."

"Tofauti iko wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Akaonyesha. Ilikuwa mstari mmoja, katikati ya ukurasa.

"Na huku juu? Na huku chini?"

"Hapo ni sawasawa."

"Basi kama ni sawasawa, kwa nini uliyaandika tena? Ulidhani kompyuta imesahau?"

Mimi ndiye niliyeuliza swali ambalo nyinyi mnapaswa kuliuliza. Nilimwuliza kwa nini tusiandike funksheni moja ya kufungua na kufunga njia, kisha tuipe hicho kipande cha katikati. Akavuta kiti karibu.

"Mwalimu, ukiipa funksheni kitu, hicho kitu kinatendwa kwanza, halafu jibu lake ndilo linaloingia ndani. Sasa ukiipa 'soma uzito', uzito utasomwa kabla funksheni haijafungua njia. Utakuwa umesoma kupitia mlango uliofungwa."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo unaandika makro. Makro haipokei jibu. Inapokea maneno yako yenyewe, vile ulivyoyaandika, kabla hayajatendwa. Inayachukua, inayaweka mahali pake kati ya kufungua na kufunga, na kukuandikia programu kamili. Hiyo iliyoandikwa ndiyo kompyuta itakayotenda."

Nilikuwa nimefundisha aljebra miaka mingi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba programu yenyewe inaweza kuwa herufi katika mlinganyo. Jioni ile nilitembea hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeposwa.

Makro hiyo tuliiita kwa-mizani, maana Bi Zuhura hakutaka majina ya Kiingereza ambayo makarani hawangeyaelewa. Ukiandika kwa-mizani halafu kazi yako, njia inafunguliwa mbele na kufungwa nyuma, hata waya ukikatwa na panga. Zile kurasa za Wanyonyi ziliyeyuka. Moi's Bridge wakaacha kupiga simu.

Lakini alitupa sharti pia, na hapa naomba mweke simu chini. Alisema makro ni ya pale ambapo funksheni imeshindwa kabisa. Na ukiiandika, lazima uifungue uone imekuandikia nini. Lisp ina amri ya kukuonyesha hayo. Bi Zuhura alikuwa akichapisha kile makro ilichoandika, kisha anatusomesha kwa sauti, mstari kwa mstari, wazee wazima tukisoma kama watoto wa darasa la kwanza. Wanyonyi aliona ni kudhalilishwa. Alisoma akiwa ameegemea ukuta, mikono mfukoni.

Kisha akashikwa na ugonjwa wenyewe. Mtu aliyekuwa hajui makro ni nini akawa hawezi kuandika kitu kingine. Makro ya kujumlisha. Makro ya kuchapisha tarehe. Makro ya kuandika "Karibu" juu ya risiti! Programu ikawa fupi kweli, fupi kama telegramu, na hakuna aliyeweza kuisoma isipokuwa yeye, naye baada ya wiki mbili hakuweza. Barasa alifurahi. Alileta wageni kutoka Nairobi wenye viatu vya kung'aa, akawaonyesha. "Kazi iliyokuwa inajaza daftari," akasema, "huyu kijana ameiandika kwa kiganja." Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Hawakujua walichokuwa wakitazama, ila kutikisa kichwa ni bure.

Bi Zuhura alipotaka makro mpya zifunguliwe na kusomwa kwa sauti, Barasa akamwambia desturi hiyo inachelewesha kazi. Bi Zuhura akakunja karatasi alizochapisha. "Sawa," akasema. Akachukua mkoba wake, na tangu hapo akawa anakuja Kitale akiitwa tu.

Kati ya makro hizo za Wanyonyi ilikuwepo moja iliyoitwa pokea-gunia. Ulikuwa unaipa unyevu, nayo inaamua: unyevu ukizidi kiwango, kataa, usipozidi, washa taa ya kijani na uandike unyevu kwenye risiti. Mwanzoni karani alikuwa anasoma kipima unyevu kwa macho na kupiga namba kwenye kibodi. Ilifanya kazi vizuri vituo vyote. Mnasikia? Ilifanya kazi.

Baadaye mnunuzi akanunua kipima unyevu cha kisasa, chenye waya unaoingia moja kwa moja kwenye kompyuta, na kituo cha kwanza kukipata kikawa Bumula. Wanyonyi akaenda kukifunga. Pale palipokuwa na namba akaweka amri ya kusoma:

(pokea-gunia (soma-unyevu))

Akapiga picha mbele ya mashine, akarudi Kitale kabla ya chakula cha mchana.

Karani wa Bumula alikuwa mama anayeitwa Naliaka. Mama wa makamo, sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lake, na madalali wa mahindi walimchukia kwa moyo wote. Hakuwa na mchezo. Dalali akileta mahindi mabichi na maneno matamu, Naliaka anamwambia arudi nayo akayaanike, na kama ana haraka akayale. Wakulima wadogo walimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Msimu ulipofika katikati, meneja wa mnunuzi akaja Bumula na gari la kazi, amefura, na bunda la risiti mkononi. Wakulima walikuwa kwenye foleni, wachukuzi wana magunia mgongoni. Akasimama katikati yao. Risiti zilisema gunia limekubaliwa, na pembeni yake unyevu uliozidi kiwango kabisa. Si moja, ni nyingi. Na ni za Bumula tu, vituo vingine hakuna.

"Mama, hii umekula na nani?" akamwuliza mbele ya wote.

Naliaka hakuelewa. Alipoelewa akaanza kueleza habari za mashine, lakini meneja hakuja kusikiliza. Akamnyang'anya funguo za stoo, akamwambia atoke getini, na kwamba polisi watamfuata. Dalali mmoja akapiga makofi. Mama wa watu akatoka na mkoba wake na kitambaa chake cha kichwa, akapita katikati ya ile foleni aliyokuwa akiihudumia.

Mimi ndiye niliyepokea simu yake ofisini. Hakuwa analia. Sauti ilikuwa kavu.

"Mwalimu, mimi nilimwambia huyo kijana yenu. Nilimwambia hii mashine inaniomba mahindi mara mbili kwa kila gunia."

"Alikujibu nini?"

"Ati, 'Mama, ikiomba, si uipe tu.' Nikaipa. Sasa naitwa mwizi. Hata watoto wangu wameniuliza."

Nilikata simu nikaenda kwenye meza ya Wanyonyi. Nikamwuliza kama karani wa Bumula aliwahi kumpigia.

"Hawa watu wa vituo husema mambo mengi, Mwalimu. Sikumbuki."

"Alisema mashine inaomba sampuli mara mbili."

"Makro yangu imefanya kazi vituo vyote, bana. Shida iko Bumula peke yake. Sasa Bumula kuna nini ambacho hakiko kwingine? Kuna huyo mama."

Akarudi kuandika, vidole vikicheza. Nilisimama pale nikimtazama kisogo. Katika miaka yote ya kufundisha sikuwahi kumpiga mwanafunzi. Siku ile nilielewa walimu wenzangu.

Barasa naye, nilipomwendea, akanyanyua mikono. "Huyo mama ajitetee. Sisi tunauza programu, Mwalimu, hatuuzi mawakili."

Kesho yake nilishuka Bungoma na programu kwenye diski, nikamkuta Bi Zuhura uani kwake anachambua mchele. Nilimweleza yote. Hakuuliza maswali. Aliosha mikono, akavaa buibui lake, akasema, "Twende tukaione ikifanya, kwanza. Kusoma tutasoma baadaye."

Bumula tulimkuta karani mpya, mpwa wa mtu fulani, anatafuna muwa. Bi Zuhura akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama. Mkulima akaweka gunia. Karani akachoma gunia kwa bambo, ile fimbo ya chuma yenye uwazi wa kuchotea nafaka, akamimina mahindi kwenye kipima. Taa ya kijani ikawaka. Wachukuzi wakainua gunia, hao, wakaingia nalo stoo. Lakini risiti haikutoka. Mashine ilikuwa kimya, kijitaa chake kikipepesa, inangoja. Karani akachoma gunia lililofuata kwenye foleni, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limeshaondoka, akamimina. Ndipo risiti ikatoka. Risiti ya gunia la kwanza, unyevu wa gunia la pili.

"Kwa nini umechota mara mbili?" nikamwuliza.

"Ndivyo inataka," akasema na muwa wake mdomoni.

Bi Zuhura akasimama, akapangusa buibui. Tukaingia kwenye kijiofisi, nikawasha kompyuta, tukafungua pokea-gunia kwa ile amri ya kuonyesha makro imeandika nini. Akaniambia nisome kwa sauti.

Nikasoma. Kama soma-unyevu imezidi kiwango, kataa. La sivyo, washa taa, kisha uandike soma-unyevu.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena, na nikaliona. Mnaliona nyinyi? Makro haikupokea jibu la kusoma unyevu. Ilipokea yale maneno, amri yenyewe, na Wanyonyi alikuwa ameyatumia mara mbili: pa kuamua na pa kuandika. Namba ikiandikwa mara mbili inabaki namba ile ile, ndiyo maana vituo vingine havikupata shida. Amri ya kusoma ikiandikwa mara mbili, mashine inasoma mara mbili. Ya kwanza inaamua. Ya pili inaingia kwenye risiti, na kama gunia la pili kwenye foleni lilikuwa bichi, risiti ya gunia zuri inatoka na ubichi wa jirani. Lile gunia bichi lenyewe likifika zamu yake linakataliwa vizuri, likirudishwa nyumbani bila risiti. Naliaka hakuwa amekubali hata gunia moja baya. Dawa ya ugonjwa huo ni kusoma mara moja, ulipatie jibu jina, na baada ya hapo utumie lile jina.

"Na hii haikuhitaji makro," Bi Zuhura akasema. "Funksheni ya kawaida, ya mtoto wa wiki ya pili, ingepokea jibu moja, mchezo ukaisha. Aliandika makro ili aonekane anajua kuandika makro."

Lakini kilichonichoma zaidi ni kingine. Stoo ilikuwa pale, hatua chache kutoka mahali meneja alipopigia kelele zake. Mahindi yaliyosemwa kuwa mabichi yalikuwa yamepangwa mle mpaka darini. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia kuyagusa. Wote waliamini karatasi.

Barasa alipopata habari akataka kurekebisha kimyakimya. "Tubadilishe hiyo makro leo, yaishe."

"Na yule mama?" nikauliza.

"Atapata kazi kwingine. Mwalimu, ukisema hii kitu umetuuza. Mkataba utaenda."

Wanyonyi alikuwa kwenye kona anatazama dirishani, kana kwamba tunamzungumzia mtu asiyekuwepo. Leo ni mtu mkubwa Nairobi. Anapewa kipaza sauti, anawafundisha watu namna ya kuandika programu safi, na baadhi yenu mnamfuata kwenye simu zenu na kumbandikia vidole gumba. Endeleeni.

Nilimwambia Barasa kwamba mimi na Bi Zuhura tunakwenda kwa meneja, na yeye achague kama anataka kuhadithiwa au kuwepo. Akaja, na lile koti lake la ng'ambo, akitiririka jasho.

Bi Zuhura ndiye aliyeeleza, pale ofisini kwa meneja Bungoma. Aliweka karatasi mezani, akaweka kidole kwenye neno, akakihamisha hadi neno lile lile chini yake. Meneja alikunja uso.

"Kwa hivyo mashine ilisema uongo?"

"Mashine haisemi uongo. Ilifanya ilivyoandikiwa. Aliyeiandika ni mtu wetu, na huyu hapa ndiye mkubwa wake." Akamwelekezea Barasa kidevu. Barasa akakohoa.

"Mimi nitajuaje kwamba hamumfichi huyo mama?"

"Yachome magunia," nikamwambia. "Yako stoo kwako. Yamekaa hapo yakikungoja."

Alasiri hiyo hiyo tukaenda Bumula. Meneja mwenyewe alishika bambo, akavua koti, akachoma magunia ya chini, ya juu, ya nyuma, akipima kwa kile kipima cha zamani cha kusoma kwa macho. Makavu. Akachoma mengine. Makavu. Kila alipochoma alizidi kupunguza maneno. Mwishowe akaketi kwenye gunia, vumbi la mahindi limemjaa kwenye nyusi, akatuambia mkataba utaendelea, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumpa, na akaagiza mchukuzi mmoja aende kwa Naliaka amwambie arudi kazini Jumatatu.

Mchukuzi akarudi peke yake.

"Amekataa," akasema. "Amesema hivi, ati alifukuzwa mbele ya foleni, kwa hivyo aitwe mbele ya foleni. Na asitumiwe mtu."

Meneja akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliomfundisha maneno hayo. Hakuna aliyemsaidia. Jumatatu nilikuwepo, nilikwenda makusudi, na Bi Zuhura pia, na kwa ajili ya hilo tu naiita kazi yetu kazi njema. Foleni ilikuwa ndefu. Wakulima walikuwepo, madalali walikuwepo, hata yule wa makofi. Naliaka akaja na kitambaa cha kichwa kipya, akasimama nje ya geti, hakuingia. Meneja akamwendea. Akainamisha kichwa, akasema jambo fulani, chini chini, kama mtu anayeungama kwa padri.

Naliaka akamwacha amalize.

"Sisikii," akasema, kwa ile sauti ya kwanza ya kwaya. "Na hawa wa nyuma hawasikii. Rudia."

Meneja akageuka akaitazama foleni. Akarudia kwa sauti: kwamba mama huyu hakuiba, kwamba kosa lilikuwa la programu, na kwamba yeye alikosea kumwita mwizi. Mtu mmoja nyuma kabisa, mzee mwenye baiskeli, akapaza sauti akauliza amesema nini. Ikabidi aseme mara ya tatu.

Ndipo Naliaka akanyoosha mkono, akapokea funguo, akapita getini.

"Haya," akawaambia, akifunga aproni. "Nani alikuwa wa kwanza?"